Moondrop Chu II: iafoni ya waya kwa PUBG na kwa dansi la baba

Mtu mwenye elfu sabini anayetaka kitu kimoja cha kuchezea gemu na kusikilizia muziki, mimi namwambia anunue iafoni za ndani ya sikio kama hizi Moondrop Chu II, tena za waya. Najua kuna watakaoishia hapo hapo kwenye neno waya. Haya, kwaherini. Waliobaki sogeeni.

Kwanza niseme natumia vipi, maana hedifoni inayomfaa mmoja ni mzigo kwa mwingine. Mchana nipo stationari, Mbagala Rangi Tatu, nachapa barua za watu na kutoa kopi. Mashine inanguruma, nje makonda wanaita abiria, na mimi siwezi kufanya kazi bila muziki. Usiku nacheza PUBG Mobile, lile gemu la kupigana risasi kwa vikosi, na kaka yangu, binamu yetu aliyeko Mwanza, na rafiki yake ambaye sijawahi kumwona, namjua kwa kelele tu. Chumbani nalala na mdogo wangu anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo kuweka sauti ya spika ni kutafuta ugomvi. Jumamosi naenda kwa kaka tunapiga eFootball, gemu la mpira, kwenye PS4 yake. Nilitaka kitu kimoja cha kazi zote hizo.

Kariakoo ndiko nilikoanzia, kama kila mtu. Mtaa wa Aggrey hujamaliza hata kuvuka barabara, winga ameshakuona. "Dada karibu, unatafuta nini? Kava? Protekta? Chaja? Sema dada, duka letu hili hapa." Duka si lake, wewe unajua, na yeye anajua kwamba unajua. Anakufikisha, mwenye duka anaongeza chake cha winga kwenye bei, mambo yanakwenda. Simlaumu, mjini kila mtu ana kazi yake. Ila kwenye vitu vya kusikiliza winga simuulizi, kwa sababu yeye anauza kinachoonekana, na sauti haionekani.

Kwa hiyo cha kwanza kuletewa kilikuwa kile kinachoonekana kuliko vyote: hedifoni kubwa la gemu lenye taa za rangi, maiki imechomoza mdomoni, boksi limeandikwa 7.1, yaani spika saba na moja ya besi, kwa herufi za fedha. "Hii ndiyo ya PUBG yenyewe dada. Unamsikia adui akiwa bado kwenye ndege." Nilicheka, naye akacheka, bei ikashuka elfu tano. Nikaomba kujaribu.

Waya wake una mikia miwili. Mmoja ni pini ya kawaida ya sauti, mwingine ni USB. Hiyo USB, kwenye hedifoni nyingi za bei hii, kazi yake ni kuwasha taa tu, sauti yote inapita kwenye ile pini. Ukichomeka kwenye simu taa haziwaki kabisa. Na hata zikiwaka, hedifoni lipo kichwani, wewe mwenyewe huzioni. Umemnunulia taa nani?

Na hiyo 7.1 isikutishe. Fungua hedifoni karibu zote za namna hii utakuta spika mbili, moja kila upande. Kushoto, kulia, mbele, nyuma, hayo yote yanapigiwa hesabu na gemu au programu, halafu yanaletwa kwenye masikio mawili, kwa sababu hata wewe una mawili. PS5 yenyewe, pamoja na sifa zote za sauti yake ya pande tatu, inafanya hivyo kwa hedifoni yoyote ya kawaida unayochomeka kwenye padi. Maandishi ya boksi hayaongezi spika ndani.

Sasa jinsi ninavyojaribu. Baba yangu ni mtu wa Sikinde, ile bendi ya dansi. Huyo mzee humwambii kitu kuhusu Msondo, bendi pinzani, atakusikiliza kwa heshima halafu atabadilisha mada. Nimekua na dansi la zamani ndani ya nyumba, rekodi za Radio Tanzania, na kwenye simu yangu zimejaa. Dansi ndiyo mtihani wangu wa hedifoni, na sababu si mapenzi peke yake. Sikiliza wimbo wowote wa zile bendi: gitaa la solo linaongea juu, la rithim linakatakata katikati bila kuchoka, besi inatembea chini, tumba ziko pembeni. Halafu tarumbeta zinaingia zote kwa pamoja. Pale pale tarumbeta zinapoingia, mimi natafuta rithim. Kama bado nalisikia linavyokatakata nyuma yao, hedifoni imepita. Kama limepotea, narudisha kwenye boksi.

Hapo ndipo gemu na muziki zinapokutana, na ndicho ambacho sijaona wauzaji wakikisema. Kwenye PUBG ukiwa ndani ya nyumba pale Pochinki, mji mmoja wa kwenye ramani ya gemu, mtu anamimina risasi barabarani, gari linapita, mwenzako wa Mwanza anapiga kelele kwamba ameishiwa bandeji, na katikati ya vurugu hizo kuna kishindo kidogo cha mtu anayepanda ngazi. Kishindo kile ndiyo gitaa la rithim. Hakina nguvu, kipo katikati, na kuna vitu vikubwa vinataka kukifunika. Hedifoni isiyoweza kukuachia rithim wakati wa tarumbeta haitakuachia mguu wa adui wakati wa risasi.

Lile la taa nikaliwekea Sikinde. Besi ikaja tu, kubwa, imejaa, inatikisa taya. Rithim haikuwepo hata kabla ya tarumbeta. Winga ananiangalia usoni akisubiri nitikise kichwa. Nikamwambia, "Kaka, besi ipo, wanamuziki wengine wameenda wapi?"

Tukaendelea. Zikaja zile P9 za Bluetooth zinazofanana na za Apple, ambazo sasa hivi kila kituo cha mwendokasi utaona mtu amezivaa shingoni. Kwa muziki wa njiani sawa. Kwa gemu, hapana, na hili linahusu Bluetooth za bei nafuu kwa ujumla. Sauti inabanwa kwenye simu, inarushwa, inafunguliwa kwenye hedifoni, na safari hiyo kwa njia ya kawaida inakula karibu milisekunde 200, wakati mwingine zaidi. Kwenye video hutaona, kwa sababu programu za video huichelewesha picha ili viende pamoja. Gemu haiwezi kukusubiri. Unabonyeza kupiga, mlio unakuja baadaye, na kishindo unachokisikia ni cha pale adui alipokuwa, si alipo. Zipo zenye hali ya gemu inayopunguza hiyo safari, na inasaidia, lakini waya haujui kitu kinachoitwa kuchelewa.

Kuna jambo la pili la Bluetooth ambalo linaudhi zaidi na watu hawalisemi. Ukiwasha maiki kuongea na kikosi, simu nyingi zinahamia kwenye njia ya sauti ya kupigia simu. Ghafla gemu yote inakuwa nyembamba, kushoto na kulia vinakuwa kitu kimoja, kama vile unacheza ndani ya simu ya mezani. Kwa hiyo unachagua: uongee na wenzako, au umsikie adui. Kwenye gemu la kikosi huo si uchaguzi.

Niliiona pia JBL Quantum 100, ile halisi, kwenye duka lenye risiti. Hii ni hedifoni ya gemu ya waya isiyo na majigambo: spika za milimita 40, uzito gramu 220, pini moja ya kawaida, na maiki inayochomoka ukitaka kwenda nayo barabarani. Rithim nililisikia, nikaipa alama zake. Bei ilipita mfuko wangu. Na kando ya bei kuna joto. Dar mwezi wa pili, usiku, feni inapuliza hewa ya moto, halafu uyafunike masikio kwa ngozi ya bandia kwa saa mbili? Jasho linaingia kwenye sponji, baada ya muda ile ngozi inabanduka vipande vyeusi vinavyobaki kwenye nywele. Nawaongelea wanaosuka: hedifoni la kubana juu ya yeboyebo mpya ni adhabu. Ukiwa Arusha au Njombe, sikiliza hoja nyingine, hii ya joto ruka. Na ukiiona JBL ya elfu kumi na tano imepangwa chini kwenye turubai, hiyo imeandikwa JBL, basi.

Hivyo nikaishia kwenye iafoni za ndani ya sikio, zile wanazovaa wanamuziki jukwaani, zenye waya unaozunguka juu ya sikio. China kuna kampuni nyingi zinazotengeneza hizi kwa bei ya kushangaza. KZ ya Shenzhen ndiyo inayojulikana zaidi kwa bei ya chini, na zake nyingi zinauzwa kwa namna mbili, yenye maiki na isiyo na maiki. Mimi nilichukua Moondrop Chu II. Moondrop wako Chengdu. Chu ya kwanza ilitoka 2022 na waya wake ulikuwa hautoki. Waya ukikatika, umeaga. Chu II iliyofuata mwaka mmoja baadaye waya unachomoka. Kwa mtu anayelala na iafoni masikioni, hiyo peke yake ni sababu ya kununua. Bei yake rasmi ilipotoka ilikuwa dola 18.99. Nikaagiza kwa wakala anayeleta mizigo ya mtaa wetu kutoka China, na kila kitu kikiwa mkononi, usafiri na shukrani zake, nilikuwa bado ndani ya elfu sabini.

Boksi lina picha ya msichana wa katuni za Kijapani. Mama aliliona mezani akauliza kama nimeanza kununua midoli. Ndani ni iafoni mbili za chuma, ndogo kuliko nilivyodhani, waya wake, na vipira vya sikio vya saizi tatu.

Hapo kwenye vipira nitakaa kidogo, maana ndipo watu wanapoihukumu iafoni bila kosa lake. Iafoni ya namna hii isipoziba tundu la sikio, besi yote inatoka nje, na unabaki na sauti ya bati. Kipira cha kati kilinikaa vizuri sikio la kulia, la kushoto kikawa kinateleza kila nikitafuna. Nikaweka kikubwa kushoto na cha kati kulia. Masikio ya mtu si lazima yalingane. Namna ya kuvaa: waya upite juu ya sikio na kushuka nyuma, kisha livute sikio juu kidogo kwa mkono mwingine wakati unasukuma ndani. Ukisikia sauti yako mwenyewe imekuwa nzito kichwani ukisema "a", imeziba. Kaka yangu alivaa kama iafoni za kawaida, waya unaning'inia, akasema hazina besi. Nikamvalisha. Akanyamaza.

Sauti yenyewe sasa. Dansi kwanza. Rithim lipo, lipo kabisa, na tarumbeta zikiingia linabaki pale pale, limesogea nyuma nusu hatua tu kama linavyotakiwa. Sauti za waimbaji ziko mbele, unasikia pumzi kabla ya kiitikio. Nilimvalisha baba. Akakaa kimya wimbo mzima, macho juu ya dari, halafu akasema, "Mama, hili gitaa la pili nilikuwa nalisikia ukumbini, kwenye redio halikuwahi kutoka." Baba si mtu wa kusifia vitu vya kuchomeka.

Singeli ni mtihani wa upande mwingine. Mapigo yanapita 200 kwa dakika, vinanda vya kompyuta vinalia juu, MC anapiga maneno bila kupumua. Hedifoni yenye besi nzito inageuza singeli kuwa ngurumo moja. Chu II inaweka kila pigo mahali pake, inasimama na kuanza upya haraka. Ila hapa niseme: sauti za juu ni kali. Ukipandisha kwenye singeli au kwenye taarabu ya kisasa yenye kinanda kingi, baada ya muda sikio linachoka. Mimi nimeshusha kidogo sauti za juu kwenye programu ya muziki na nimekaa vizuri. Anayetaka besi ya kutikisa meno, ya kigodoro, hii si yake, aangalie KZ.

Kwenye PUBG kushoto na kulia ni kama unaonyeshwa kwa kidole. Wenye kucheza watasema ramani ndogo pembeni inachora alama za miguu hata hivyo, na ni kweli, inachora. Lakini kuitazama ramani ni kutoa macho kwenye mlango. Na ramani haikuambii kama mguu unakanyaga mbao, zege au majani, sikio linakuambia. Juu na chini ni ngumu, na mbele na nyuma pia zinachanganya, hilo ni la gemu lenyewe na la hedifoni zote za masikio mawili. Kwenye ngazi mimi naenda kwa ukubwa wa kishindo, siyo kwa mwelekeo. eFootball haihitaji maelezo, mashabiki wanashangilia, mtangazaji anatangaza, iafoni yoyote inatosha. Ila ukichomeka kwenye padi ya PS4 na usisikie gemu, nenda kwenye mipangilio ya vifaa vya sauti, chagua sauti yote itoke kwenye hedifoni. Mwanzoni inakuwa imewekwa sauti ya maongezi tu.

Kazini ndiko iliponishangaza. Kwa kuwa inaziba, mashine ya kopi inabaki mbali, kwa hiyo sauti naiweka chini kuliko nilivyokuwa naiweka zamani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kila desibeli 3 unazoongeza, muda huo unakatwa nusu. Mtu anayeshindana na makonda kwa iafoni isiyoziba anazimaliza saa zake mapema bila kujua. Upande wa pili ni kwamba mteja anaweza kusimama mbele yako akakuita mara tatu. Mimi mchana navaa moja. Barabarani sivai, bodaboda za Mbagala hazina muda na mtu asiyesikia honi.

Ya kuangalia kabla hujatoa hela. Simu yako ina tundu la pini? Infinix yangu inalo, nachomeka tu, na Chu II haihitaji nguvu nyingi, nusu ya sauti inatosha na kubaki. Kaka ana Samsung A16, ambayo tundu wameliondoa wakati A15 ilikuwa nalo. Kwa hiyo anahitaji kile kiwaya cha kuunganisha kutoka Type-C. Viwaya hivyo vinafanana kwa macho, lakini viko vya aina mbili: kimoja kina chipu ndani ya kubadilisha sauti, kingine ni waya mtupu unaotegemea simu ifanye kazi hiyo. Cha waya mtupu kwenye simu isiyotoa sauti kwa njia hiyo kinakaa kimya kabisa, na muuzaji atakuonyesha kwenye simu yake kwamba kinalia. Nenda na simu yako, jaribu na simu yako.

Ncha ya chuma pale kipira kinapokaa inafunguka kwa kuzungusha, mle mna kichujio kidogo. Nta ya sikio ikiziba, upande mmoja unapungua sauti na utadhani imeharibika. Futa kipira kwa kitambaa kikavu, kichujio usikichokoe kwa pini ya nywele.

Linabaki la maiki. Niliyochukua mimi haina, na wiki za mwanzo nilikuwa natumia maiki ya simu yenyewe, ambayo inanasa na feni, na mdogo wangu anayesoma kwa sauti habari za Vita vya Majimaji. Kikosi kizima kimeshajua Kinjeketile alikuwa nani. Dawa yake ni waya mwingine wenye maiki ndogo pale chini ya kidevu, kwa sababu huu unachomoka. Unauzwa peke yake, na niliupata kwa wakala yule yule kwa pesa isiyofika elfu ishirini. Unapoagiza taja pini mbili za milimita 0.78, zile zinazoingia kwenye iafoni. Kuna za 0.75, zinaingia, lakini zinacheza ndani ya tundu, na ukigeuza shingo upande mmoja unakatika katikati ya mapambano. Ukiupata, angalia alama za kushoto na kulia kabla ya kusukuma, kisha sukuma taratibu ukiwa umeshika chuma, usishike waya.